Kuku Anaharisha? Tazama Kwanza Mikunde Iliyomo Kwenye Chakula

Chakula ndicho kinachokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote katika ufugaji wa kuku. Kwa kawaida huchukua asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Ndiyo maana wafugaji wengi wa mjini Dar es Salaam, kuanzia Ilala na Buguruni hadi Magomeni na Manzese, huchanganya wenyewe. Wanakwenda Kariakoo kwa sababu mle mitaani, kuzunguka soko, vinapatikana vyote kwa matembezi mafupi: pumba, mashudu, dagaa, chokaa, premiksi, dawa za mifugo, na magunia ya soya, kunde, choroko, mbaazi na maharage.

Tatizo huanzia kwenye magunia hayo ya mwisho. Mikunde ni chakula kizuri sana cha kuku, ila mingi lazima ipite kwenye moto kwanza. Ikiliwa mbichi huumiza utumbo, na kuharisha kunakofuata hakutibiki kwa antibiotiki. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wafugaji wa mjini huuliza mara kwa mara.

Kwa nini nihangaike na mikunde? Si mahindi na pumba zinatosha?

Hazitoshi. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu, wakati kifaranga wa kuku wa nyama katika wiki zake za mwanzo anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 22 hivi. Kuku anayetaga huridhika na asilimia 16 au 17. Punje ya soya ina protini ya asilimia 36 hadi 40, na juu yake mafuta yanayokaribia asilimia 20. Kunde, choroko, mbaazi na maharage nyingi zina kati ya asilimia 20 na 25.

Ubora wa protini hiyo nao ni muhimu. Mikunde ina laisini nyingi, kirutubisho ambacho mahindi yanacho kwa uchache. Inapungukiwa na methionini, inayohitajika kwa ukuaji na kwa manyoya, na hapo ndipo dagaa au methionini ya dukani inaposaidia. Kwa hiyo mahindi, mikunde na dagaa kidogo hukamilishana.

Bei nayo ina sauti yake. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha uingizaji wa zao hilo, na bei ikaanguka vibaya kwa wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara. Msimu wa namna hiyo mbaazi huweza kuwa rahisi kuliko dagaa, na mfugaji mwenye hesabu zake ana haki ya kuzifikiria. La muhimu ajue anachoingiza bandani.

Soya mbichi inafanya nini ndani ya tumbo la kuku?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Chakula kikishasagwa kwenye firigisi huingia katika kitanzi cha kwanza cha utumbo mwembamba. Katikati ya kitanzi hicho limelala kongosho, utepe mwembamba wenye rangi ya waridi hafifu. Kongosho humimina vimeng'enya, na kimoja kati ya vile vikubwa ni tripsini, ambayo kazi yake ni kuikata protini vipande vidogo vinavyoweza kunyonywa. Soya mbichi imebeba vitu viitwavyo vizuizi vya tripsini. Mmea umejiwekea vitu hivyo kama kinga dhidi ya wadudu na wanyama wanaokula mbegu zake. Vikikutana na tripsini hushikamana nayo, na tripsini haifanyi tena kazi.

Mwili wa kuku ukihisi kwamba protini haimeng'enywi, huliamuru kongosho litoe tripsini zaidi. Kongosho linatoa, vizuizi vinaikamata, linatoa tena. Baada ya muda linafura. Kwa vifaranga linaweza kukaribia uzito mara mbili ya ule wa kawaida. Na tripsini yenyewe ni protini iliyotengenezwa kwa viambajengo vyenye salfa, vilevile ambavyo mikunde inavyo kwa uchache. Kwa hiyo kuku anapoteza mara mbili: protini ya chakula inapita bila kumeng'enywa, na akiba ya mwili wake inamwagika kwenye kinyesi.

Mwenye kuchinja nyumbani, au anayenunua kuku Kisutu na kuwapasua mwenyewe, anaweza kulitazama kongosho hilo. Tafuta kitanzi cha utumbo kinachotokea kwenye firigisi, kifungue taratibu, utaliona katikati. Ukiwalinganisha kuku wa umri mmoja, waliolishwa soya iliyoiva na waliolishwa mbichi, tofauti ya unene mara nyingi huonekana bila kipimo.

Kitu cha pili kilichomo kwenye soya mbichi, na hasa kwenye maharage, ni lektini. Ukuta wa ndani wa utumbo una vinyweleo vidogo mno, kama vile vya taulo, vinavyoongeza eneo la kunyonya chakula. Lektini hujibandika juu ya vinyweleo hivyo na kuvijeruhi. Vikifupika au kulala, kuku anakula lakini hanenepi. Na penye jeraha bakteria hupata pa kushika.

Kisha linakuja jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi. Protini isiyomeng'enywa haiishii hewani. Inateremka sehemu za nyuma za utumbo na kuwa chakula cha bakteria waharibifu. Mmoja wao ni Clostridium perfringens, anayesababisha ugonjwa wa kuoza kwa ukuta wa utumbo. Kuku wa nyama ndio wanaopatwa zaidi, na kuku anaweza kuonekana mzima jioni akakutwa amekufa asubuhi. Bakteria huyo huwamo hata kwenye utumbo wa kuku wenye afya bila kuleta madhara. Anachongoja ni chakula cha ziada na ukuta uliokwisha kujeruhiwa, na soya mbichi humpa vyote viwili.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, Osborne na Mendel, walionyesha kuwa panya waliolishwa soya iliyopikwa walikua vizuri, na waliolishwa mbichi walidumaa. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado soya mbichi inasagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha vifaranga. Inauma, kwa sababu anayepata hasara mara nyingi ni mtu aliyeanza na vifaranga mia kwa fedha ya mkopo wa kikundi.

Kuku wakubwa wanaotaga huvumilia zaidi kuliko vifaranga, lakini nao hupunguza mayai. Usichukue uvumilivu wao kuwa ruhusa.

Je, maharage, kunde, choroko na mbaazi nazo ni hivyohivyo?

Hazilingani. Maharage ndiyo ya kuogopwa zaidi, hasa mekundu, kwa wingi wa lektini. Hata binadamu akila maharage ambayo hayajaiva sawasawa hutapika na kuharisha. Kuku hana mwujiza wa kumwokoa. Chenga za maharage zinazofagiliwa kwenye maghala na kuuzwa kwa bei ya kutupa hazipaswi kabisa kuingia kwenye chakula zikiwa mbichi.

Kunde, choroko, dengu na mbaazi zina vizuizi vichache kuliko soya, na lektini chache kuliko maharage. Hata hivyo vimo, na kifaranga wa wiki moja au mbili, ambaye utumbo wake ndio kwanza unakua, atavihisi. Mbaazi na kunde zenye ganda la rangi nzito zina pia tanini, zile zinazokausha ulimi unapotafuna ganda. Tanini hushikana na protini na kuizuia isimeng'enywe. Kukoboa ganda huondoa sehemu kubwa yake.

Upupu usiutumie. Mbegu zake zina kemikali inayoathiri mishipa ya fahamu, na kuiondoa kunahitaji utaalamu ambao jiko la nyumbani halina.

Nipike vipi, na nitajuaje kuwa imeiva?

Vizuizi vya tripsini na lektini ni protini, na joto la kutosha huzivunja umbo zikashindwa kufanya kazi. Ni joto tu, tena joto lenye unyevu hufanya kazi vizuri zaidi. Kusaga hakuondoi sumu hizo, na kuanika juani hakufiki joto linalohitajika hata kwa jua la Dar es Salaam la Februari. Kuloweka usiku kucha kunasaidia kupunguza tanini na baadhi ya sukari, na kunafupisha muda wa kupika, lakini peke yake hakutoshi.

Kwa kuchemsha, weka maji yachemke kwanza, kisha mimina soya. Yakianza kuchemka tena, hesabu nusu saa ya mchemko wa kweli, si ya maji ya uvuguvugu. Maharage yaloweke, mwaga maji ya kulowekea, kisha chemsha mpaka punje ibonyee kwa vidole. Yakichelewa kwenye moto mdogo usiofikia mchemko, lektini hubaki. Baada ya hapo chuja, anika kwenye turubai safi mpaka punje ivunjike kavu kwa meno, ndipo upeleke mashineni kuparaza. Ukiharakisha na kusaga ikiwa na unyevu, utaota ukungu ndani ya kiroba.

Kwa kukaanga, tia kiasi kidogo kwenye sufuria pana au pipa la kuzungusha, na usiache kugeuza. Soya iliyoiva hubadilika kuwa ya dhahabu iliyokolea, ganda hupasuka, na ile harufu ya ubichi huisha. Usiamini rangi ya nje pekee. Chukua punje kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, zikate katikati, uone kama ndani nako kumebadilika. Kukaanga kuna hatari upande wa pili pia: soya iliyoungua imepoteza laisini, kwa sababu joto kali huiunganisha na sukari ikawa haiwezi kunyonywa. Punje nyeusi zenye kunuka moshi ni protini uliyoilipia ukaichoma.

Mkaa ni ghali mjini, na si kila mwenye banda la uani ana nafasi ya kuchemsha gunia zima. Kwa wengi ni nafuu kununua mashudu ya soya ya kiwanda kinachopasha malighafi yake kwa mvuke, kwani hayo huwa yameshapata joto. Mashudu ya mashine ndogo za kukamua bila kupasha moto yanaweza kuwa bado mabichi. Ukifika dukani usione haya kuuliza: "Kaka, soya hii imekaangwa, au imesagwa mbichi?" Akijibu "Usijali mama, zote ni sawa," basi hajui anachouza, nenda duka la pili.

Maabara zina njia yao. Soya mbichi ina kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huharibiwa na joto karibu sawa na vizuizi vya tripsini. Wataalamu hupima yurease: ikiwa bado ina nguvu, soya haikuiva.

Nimepika vizuri, mbona kinyesi bado ni laini na kinanata?

Mikunde ina sukari ambazo utumbo wa kuku hauna kimeng'enya cha kuzikata, zikiwemo rafinosi na stakiosi. Ni hizohizo zinazomjaza binadamu gesi baada ya sahani ya maharage. Moto hauziondoi. Zinafika nyuma ya utumbo, bakteria wanazichachusha, gesi inatokea na maji yanavutwa ndani ya utumbo. Kwa kiasi kidogo uchachu huo una faida, maana hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Zikizidi, kinyesi kinakuwa majimaji na kunata kwenye manyoya ya nyuma. Dawa yake ni kupunguza kiwango cha mikunde, na kuiloweka na kumwaga maji kabla ya kupika.

Kinyesi hicho hulowesha maranda, na hilo si jambo la kuachwa hivihivi. Maranda yakilowa hutoa harufu kali ya amonia inayochoma macho na mapafu ya kuku, na huwachubua nyayo. Tena vijidudu vya koksidiosisi huhitaji unyevu ili vikomae na kuweza kuambukiza. Hivyo chakula kibaya kinaweza kuzaa ugonjwa wa kweli: kimeanza kwa kulowesha sakafu, kikaishia kwa kuhara damu. Geuza maranda, ondoa yaliyolowa, rekebisha vyombo vya maji vinavyovuja.

Hapa pana jambo la afya ya umma. Mfugaji wa mjini akiona kinyesi cha majimaji, hatua ya kwanza mara nyingi ni kukimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki ya unga. Kama chanzo ni soya mbichi, antibiotiki haitafungua tripsini iliyofungwa. Kuku ataendelea kuharisha, fedha imekwenda, mayai na nyama vinapelekwa sokoni vikiwa na mabaki ya dawa, na bakteria wanajifunza kuizoea. Bakteria hao hawaishii kwa kuku. Siku mtoto wa jirani anapougua, dawa ileile inaweza kushindwa kumsaidia.

Sisemi kila kuharisha ni chakula. Damu kwenye kinyesi, vifo vya ghafla vingi kwa siku moja, kinyesi cha kijani pamoja na shingo kupinda, kukoroma au mabawa kulegea, hayo ni ya kumwita afisa mifugo siku hiyohiyo. Kideri hakingoji. Chanjo yake, TEMEVAC, hutengenezwa hapa nchini na ni rahisi kuipata. Kuharisha kwa chakula mara nyingi huanza siku chache baada ya kufungua kiroba kipya au kubadili mchanganyiko, huwapata wengi kwa pamoja bila homa wala vifo vingi, na kuku huendelea kula huku uzito ukigoma kupanda.

Karanga na mashudu yake je?

Vizuizi vya karanga ni vichache. Hatari ya karanga ni ukungu unaotoa sumukuvu, hasa aflatoksini. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, mpaka ikagundulika kuwa chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota ukungu. Huko ndiko aflatoksini ilikotambuliwa. Kwetu, mwaka 2016, sumu hiyo iliua watu takriban 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyohusishwa zaidi.

Sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Humharibu kuku ini, humpunguzia kinga hata chanjo isishike vizuri, na humwacha na utumbo dhaifu. Karanga zilizonyauka, zenye rangi ya kijani au njano ya ukungu, au zenye uchungu, usizinunue kwa bei yoyote. Wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, kwa hiyo viroba vipangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na ununue cha wiki mbili badala ya cha miezi miwili.

Nimeuziwa mbegu za kunde zenye rangi ya waridi kwa bei nafuu. Niwape?

Hapana. Rangi hiyo ni alama kwamba mbegu zimepakwa dawa ya kuua wadudu au ukungu kwa ajili ya kupandwa. Kuziosha hakuzifanyi salama. Nafaka zilizochanganywa na dawa ya unga ya ghalani nazo zina muda wake wa kungojea ulioandikwa kwenye pakiti. Muulize muuzaji lini ziliwekwa dawa.

Niweke kiasi gani?

Soya iliyoiva sawasawa inaweza kufika kilo 15 hadi 20 katika kila kilo 100 za mchanganyiko, mradi uwiano wa vingine umepangwa. Mbaazi, kunde au choroko zilizopikwa, anza na kilo 10 kwa 100 na uangalie kinyesi na uzito kabla ya kuongeza. Vifaranga wa chini ya wiki tatu ni salama zaidi kwa chakula cha kiwanda, hata kama bei inauma, kwa sababu udumavu wa wiki hizo haulipiki baadaye. Unapobadili chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku tano hadi saba.

Nimeshawalisha mbichi. Nifanye nini, na nani anaweza kunipimia?

Acha kutumia kiroba hicho leo. Kilichobaki unaweza kukipika upya kama ni soya au kunde isiyo na ukungu. Ukiona ukungu, kitupe. Rudi kwenye chakula cha kiwanda, wape maji safi wakati wote, badili maranda. Kongosho hurejea taratibu baada ya soya mbichi kuondolewa, na vinyweleo vya utumbo huota upya haraka, lakini kuku wa nyama waliokwisha kudumaa usitegemee wafikie uzito wa wenzao kwa tarehe ileile ya kuuza. Wahesabie siku zaidi na ujue gharama yake mapema.

Biashara ya chakula cha mifugo ina sheria yake, Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010, na mnunuzi aliyeuziwa chakula kibovu ana haki ya kulalamika kwa afisa mifugo wa kata au wa manispaa. Kwa kupimiwa, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania yuko Temeke, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro. Lakini malalamiko bila sampuli hayana nguvu. Kila unapofungua kiroba kipya, chota nusu kilo, itie kwenye mfuko mkavu unaofungwa, andika tarehe na duka ulikonunua, uiweke mahali pakavu pasipo na panya pamoja na risiti, mpaka kundi hilo la kuku liishe kuuzwa.